Meza ya Paini Iliyovikwa Sura ya Marumaru: Tathmini ya Kazi ya Epoksi Kutoka Karakana ya Keko

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kufunika uso wa meza kuukuu ya mbao kwa epoksi iliyotiwa rangi, yaani plastiki inayomwagwa ikiwa majimaji kisha ikawa ngumu, hadi mtu anayeingia sebuleni adhani ameona bamba la marumaru. Baadhi ya karakana za samani za Dar es Salaam zimeanza kuifanya kazi hii, na mimi niliipeleka meza yangu kwa fundi mmoja wa Keko, mtaa ambao kila baada ya hatua chache unamkuta mtu anaranda mbao au anavisha kochi kitambaa. Meza yenyewe ni ya kulia chakula ya watu sita, ina urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 90, na imetengenezwa kwa mbao za paini, zile zinazoshuka kwa malori kutoka Mufindi. Miguu yake ilikuwa bado imara, lakini uso ulikuwa umebabuka vanishi, umejaa alama za vikombe, na viungo vya mbao vilikuwa vimeanza kuachia. Tangu irudi nimeitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja katika nyumba yenye watoto, kwa hiyo ninachokieleza hakitokani na mng'aro wa siku ya kwanza.

Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: kwa meza ya mbao za kawaida iliyochakaa juu na kubaki nzima chini, kazi hii ina thamani ya fedha inayotozwa, mradi fundi awe mtu wa kuheshimu msasa kuliko anavyopenda kuchora mishipa, ile mistari ya kuigiza marumaru. Wateja wengi huchagua karakana kwa kutazama picha za mishipa hiyo kwenye simu ya fundi, ilhali kinachoamua kama meza itadumu kimekwisha kufanyika kabla ya rangi yoyote kumwagwa, na hakionekani katika picha.

Epoksi ni ndugu wa gundi ya Araldite ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa mirija yake miwili, gundi iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Ciba ya Uswisi mwaka 1946. Ya mezani nayo huja katika vyombo viwili, kimoja cha resini na kingine cha kigumishi, ambacho mafundi rangi wa magari hukiita hadina. Vikichanganywa, molekuli za pande zote mbili hufungamana kwa mmenyuko unaotoa joto, na majimaji hayo yanageuka plastiki ngumu isiyoweza kuyeyushwa tena ikarudi ilivyokuwa. Anachokipata mteja, basi, ni tabaka la plastiki lenye unene wa milimita tatu hivi juu ya mbao yake ileile, na sifa zote za meza hiyo, nzuri na mbaya, zinatoka humo. Fundi wangu alilieleza hili bila kuzungukazunguka. Msaidizi wake, aliyekuwa akizungumza na wateja mlangoni, alikuwa akiwaambia watu kwamba meza ikishamwagwa "inakuwa jiwe kabisa, hata sufuria ya moto unaweka", na hayo nitayarudia.

Kazi ilianza kwa kuipindua meza na kuikagua upande wa chini, jambo lililonipa imani, kwa kuwa upande wa chini haujawahi kupambwa na mtu na hauna la kuficha. Viungo vilivyoachia vilitiwa gundi na kubanwa, nyufa zikajazwa, kisha vanishi yote ya zamani ikaondolewa kwa mashine ya msasa, kuanzia namba 80, kwenda 120, na kuishia 180. Niliuliza kwa nini asiendelee hadi mbao iwe laini kabisa, akanijibu kwamba epoksi inahitaji vikwaruzo vidogo vya kushikilia na kwamba mbao iliyolainishwa kupita kiasi inaiteleza. Jibu hilo ni sahihi. Karakana nyingine niliyoiulizia bei kabla ya hapo ilikuwa tayari kumwaga juu ya vanishi kuukuu baada ya kuikwaruza kidogo tu, kwa malipo madogo zaidi. Epoksi iliyomwagwa namna hiyo hung'ang'ania vanishi vizuri sana, lakini vanishi iliyokwisha kuachana na mbao haina inachokishika, na siku itakapobanduka itabanduka pamoja na kila kilichokaa juu yake.

Paini ina maradhi yake ya pekee, nayo ni vifundo, yale macho meusi ya mbao yanayobeba utomvu. Utomvu huo haukauki ukaisha. Hujipenyeza polepole hata miaka baada ya meza kutengenezwa, na juu yake ukiweka rangi nyeupe, utomvu huo unachora doa la rangi ya chai. Dawa yake inayofahamika ni kuvipaka vifundo shelaki, aina ya vanishi inayouziba utomvu, kabla ya kitu kingine chochote, na fundi alivipaka mikono miwili, yaani tabaka mbili, kimoja baada ya kingine, kwa brashi ndogo. Kimoja kilimponyoka. Kipo karibu na mahali anapokaa mtoto wangu wa pili, na miezi kadhaa baadaye kilijitokeza kama kivuli cha manjano chenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Mgeni hawezi kukiona asipoonyeshwa, lakini mimi nikikaa mezani jicho langu linakwenda palepale.

Kuna swali moja alilouliza ambalo ningependa kila karakana iliulize. "Dada, hii meza mlikuwa mnaifuta kwa ile dawa ya kupuliza ya kung'arishia samani?" Nilipokubali, alisikitika waziwazi, kwa sababu dawa nyingi za aina hiyo zina silikoni, na mahali palipo na silikoni au mafuta epoksi hukimbia na kuacha vijishimo vya mviringo badala ya kutandaa. Aliufuta uso kwa thina mara kadhaa, akibadilisha kitambaa kila mara ili asiwe anausambaza uchafu uleule, na kwa sehemu kubwa alifaulu. Katika pembe moja vijishimo vitatu vilibaki. Alivijaza baadaye kwa epoksi ya ziada, na leo havionekani kwa macho, ingawa kidole kikipita taratibu bado kinavisikia.

Upungufu wa kwanza wa karakana hii upo kwenye kipimo cha unyevu. Mbao inayofunikwa kwa plastiki inatakiwa iwe kavu, unyevu wake usizidi asilimia 12 hivi, na kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kuupima, ambacho hapo hakikuwepo. Fundi alitegemea uzoefu, akaiacha meza ndani kwa siku kadhaa na kuigongagonga kwa kiganja. Kwa meza iliyokaa nyumbani miaka mingi hilo huenda likatosha. Kwa mbao mpya zilizotoka kununuliwa, ambazo mara nyingi huuzwa zikiwa bado na maji mengi, nisingekubali mtu yeyote azimwagie epoksi kwa kugonga kiganja.

Umwagaji wenyewe niliushuhudia, na kwa yeyote anayefikiria kuijaribu kazi hii mwenyewe nyumbani ningemshauri akaushuhudie kwanza. Hesabu ya ujazo ni rahisi: lita moja inafunika mita moja ya mraba kwa unene wa milimita moja. Uso wa meza yangu ni mita 1.35 za mraba, hivyo unene wa milimita tatu ulihitaji lita nne na kidogo, na fundi aliandaa lita tano ili zifurike kingoni na kuzivika pande. Naisisitiza hesabu hii kwa sababu ndiyo silaha pekee ya mteja anapotajiwa bei. Fundi anayesema atafunika meza ya ukubwa huo kwa lita mbili anakuuzia tabaka jembamba lisiloweza kujisawazisha lenyewe, na litaonyesha kila bonde la mbao.

Vipimo vya resini na kigumishi lazima vifuate maelekezo ya mtengenezaji kikamilifu, iwe ni sawa kwa sawa au mbili kwa moja, kwa kuwa kigumishi hakiharakishwi kwa kuongezwa; kikizidi au kikipungua, sehemu ya mchanganyiko inakosa mwenzi wa kufungamana naye na meza inabaki ikinata milele. Fundi alipima kwa vikombe vyenye mistari, akakoroga polepole kwa dakika kadhaa huku akikwangua kuta na kitako cha ndoo, kisha akauhamishia mchanganyiko kwenye ndoo safi na kukoroga tena, ili resini iliyoganda kwenye kuta za ndoo ya kwanza isiingie mezani ikiwa mbichi. Wakati huo ulikuwa mzito kama asali mbichi. Katika joto la Dar es Salaam muda wa kuufanyia kazi ni mfupi kuliko ulioandikwa kwenye chombo, maana mmenyuko huu huenda mbio kadiri hewa inavyopata joto, na ndoo iliyoachwa imejaa hujipasha yenyewe hadi ikafuka moshi. Ndiyo sababu waliumwaga wote mara moja katikati ya meza na kuutandaza kwa kipande cha plastiki chenye meno, baada ya kuhakikisha kwa pimamaji kwamba meza imekaa sawa.

Walimwaga jioni, na hapo nikaelewa kwa nini. Mchana Keko ni vumbi tupu: mashine ya msasa ya jirani, randa ya mwingine, pikipiki zinazopita barabarani, na kila chembe inayoelea hutua juu ya epoksi isiyokauka na kuzikwa humo. Walisubiri mashine zinyamaze, wakamwagia maji sakafu, wakatundika nailoni pande zote za meza. Utaratibu ulikuwa mzuri, isipokuwa kwamba taa yenye nguvu iliyowashwa juu ya meza iliita wadudu. Kadudu kamoja kenye mbawa bado kamo ndani ya meza yangu, karibu na ukingo, kakiwa kamekamilika miguu yote. Watoto wamekapa jina na wanakataa kalalamikiwe.

Sasa mishipa. Marumaru halisi ni chokaa iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi, na mishipa yake ni uchafu wa udongo, mchanga au oksidi za chuma uliokuwamo kwenye chokaa kabla haijabadilika. Ile ya Carrara, huko Toscana nchini Italia, ambayo ndiyo wateja wengi huonyesha kwenye picha wakitaka iigizwe, ina uso mweupe unaoelekea kijivu na mishipa laini iliyofifia, wakati Calacatta, inayotoka katika milima hiyohiyo, ni nyeupe zaidi, na mishipa yake ni minene, mara nyingine ikiwa na rangi ya dhahabu. Kwa kuwa mishipa imetokana na mwamba uliosukumwa na kukunjwa, ina mwelekeo: inakwenda kwa mshazari upande mmoja, inagawanyika, inanenepa na kukonda, halafu mingine inapotelea njiani bila kufika popote. Bandia mbaya hujulikana kwa kukosa hayo. Mishipa yake ina unene mmoja, inapishana kwa umbali ulio sawa, inakatana kwa msalaba, na inaishia ukingoni ghafla badala ya kuteremka upande wa pembeni, jambo lisilowezekana katika bamba lililokatwa kutoka jiwe moja.

Fundi wangu aliielewa mantiki hiyo kuliko nilivyotarajia. Juu ya msingi mweupe aliotia rangi ya titani, alidondosha mistari ya epoksi ya kijivu iliyochanganywa pembeni, akaivuta kwa ncha ya brashi kavu kufuata mshazari mmoja, akairudia michache kwa kijiti chenye weusi kidogo, kisha akaipulizia alkoholi kali ya isopropili kwa chupa ya kunyunyizia. Hapo ndipo palipo na utamu wa kazi yenyewe: matone ya alkoholi yanapogusa rangi, kijivu kinasukumwa na kufumuka kingoni, mstari uliokuwa mkavu unageuka ukungu, na kwa dakika chache mchoro unaendelea kujibadilisha bila mkono wa mtu. Alisimama kando akautazama, akauvuta mstari mmoja, akauacha mwingine. Nilikuwa nimemwomba aongeze dhahabu, na alinishawishi niridhike na uzi mmoja mwembamba. Namshukuru kwa hilo, kwa sababu meza za aina hii nilizoziona kwingine zimebebeshwa dhahabu nyingi hadi zikafanana na karatasi za kufungia zawadi za harusi. Ukingoni aliiteremsha mishipa kwa kidole chenye glavu, kila mmoja mahali pake, na huu ndio ushahidi wa uangalifu ninaowaonyesha wageni.

Kuhusu mapovu sina malalamiko. Mbao ina hewa ndani yake, na hewa hiyo hutoka na kupenya kwenye epoksi kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo siku ya kabla walikuwa wamepaka mkono mwembamba wa kuziba vinyweleo, na baada ya kumwaga walipitisha kichomeo kidogo cha gesi juu juu, haraka, ili mapovu yaliyobaki yapasuke. Kichomeo kilitumika kabla ya alkoholi, wala hakikurudishwa baada yake, na mpangilio huo ni wa lazima, kwa maana alkoholi inashika moto mara moja. Ninayemwonea wasiwasi ni msaidizi, aliyekuwa akikoroga bila glavu na kujisafisha mikono kwa thina. Epoksi mbichi inaweza kumfanya mtu apate mzio wa ngozi unaomkaa maisha yake yote, na thina huisaidia kupenya ngozi badala ya kuitoa; sabuni na maji ndiyo yanayofaa. Nilimwambia, akacheka, akasema amezoea. Mwenye karakana ndiye wa kulisimamia hili, na hakulisimamia.

Malalamiko yangu makubwa zaidi yalihusu makabidhiano. Niliambiwa nije na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kesho yake asubuhi. Epoksi ya mezani hushikika baada ya saa 24 hivi, lakini hiyo haina maana kwamba imekomaa. Kwa kawaida huhitaji siku tatu kabla ya kutumika kwa uangalifu, na wiki nzima au zaidi kabla ya kuhimili uzito na joto. Meza iliyofungwa kwa kamba kwenye kirikuu ikiwa na umri wa usiku mmoja ingefika Mbagala na alama za kamba. Nilikataa kuichukua, tukajadiliana kidogo, na ilikubaliwa ikae, ingawa kwa manung'uniko kwamba inawabania nafasi. Karakana inayojua muda wa kukomaa kwa bidhaa yake inapaswa kuuingiza muda huo katika mkataba na katika bei, mteja asiwe wa kuugombea.

Nilipoipindua nyumbani nilikuta pia matone yaliyogandia chini ya ukingo, machache yakiwa na ncha za kukwaruza mapaja. Kuyaondoa ni kazi ndogo: upande wa chini hubandikwa utepe wa karatasi kabla ya kumwaga, na utepe huo huvutwa matone yakiwa bado laini, au yakishaganda yanasagwa kwa msasa. Hawakufanya lolote kati ya hayo mpaka nilipowapigia simu, ndipo fundi akamtuma kijana na mashine. Kijana huyo alikuwa na adabu, akaimaliza kazi, na hakudai nauli.

Tukija kwenye matumizi, kauli ya "hata sufuria ya moto unaweka" ni uongo, na ni uongo wa hatari kwa mfuko wa mteja. Epoksi nyingi za mezani huanza kulainika kwenye nyuzi joto 50 hadi 65, kiwango ambacho sufuria iliyotoka jikoni au hata birika la chai hukivuka kwa mbali. Kitako cha moto kikikaa, uso hunywea na kuacha duara ambalo halirudi lote hata likipoa. Nyumbani kwetu kila kitu cha moto kinawekwa juu ya mkeka mdogo wa ukili, hakuna mjadala, na hadi sasa tuna alama moja tu, iliyoachwa na kikaango cha chapati siku ya Idi ambapo wenye mikono jikoni walikuwa wengi kuliko wenye macho. Hapo jiwe halisi lingecheka.

Mahali plastiki inapolishinda jiwe ni kwenye ndimu na siki. Marumaru ni kalisi kaboneti, na tindikali huila. Tone la ndimu au achari ya embe likiachwa juu ya marumaru iliyong'arishwa huacha doa lililofifia ambalo halifutiki kwa kitambaa. Meza yangu imemwagikiwa ndimu, achari, ukwaju na soda za kila rangi bila kujali. Manjano ya biriani yanahitaji kufutwa mapema, hasa palipo na mikwaruzo, vinginevyo hubaki kivuli. Maji hayapiti kabisa, na kuifuta baada ya mlo ni jambo la kitambaa kimoja chenye maji na sabuni kidogo. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha nimeipiga marufuku mezani, kwa kuwa inaweza kuuondolea uso mng'aro.

Mikwaruzo ipo. Ukiutazama uso kwa mshazari dhidi ya mwanga wa dirisha utaona vistari vingi vyembamba vya sahani zilizoburutwa na magari ya kuchezea, ingawa mishipa ya kijivu inavificha vizuri na meza nyeusi tupu ingeonyesha mara mbili. Rangi nayo inabadilika. Mwanga wa jua huifanya epoksi iwe ya manjano, hata ile iliyotiwa kinga hupunguziwa kasi tu, na msingi mweupe ndio unaolionyesha jambo hili haraka. Upande wa meza yangu ulio karibu na dirisha la mashariki umeanza kuwa na weupe wa maziwa yaliyochemshwa, ukilinganishwa na upande wa ukutani. Ningejua mapema ningelipia mkono wa mwisho wa vanishi ya poliyurethani ya vyombo viwili, inayostahimili jua na mikwaruzo kuliko epoksi yenyewe. Karakana inayo na inaipaka kwa nyongeza, lakini haimwambii mteja mpaka aulize. Kwa meza ya barazani au bustanini sishauri kazi hii hata kidogo.

Wala siishauri kwa meza ya mninga, mkongo au mvule. Nilimkuta mama mmoja hapo karakana ameleta meza ya mninga ya urithi, nzito, yenye rangi ya kahawia iliyoiva, akitaka ipakwe iwe nyeupe, na fundi, kwa heshima yake, alimwambia: "Mama, hii nikupigie msasa na vanishi tu, utanishukuru." Sijui waliishia wapi, lakini mapendekezo yalikuwa ya mtu anayeijua mbao. Anayetaka kuhamisha meza ya aina hii kutoka pwani kwenda mahali pakavu kama Dodoma naye ajue kwamba mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na ikiwa imezibwa upande wa juu peke yake inaweza kupinda. Upande wa chini unatakiwa upakwe angalau mkono mmoja wa kuzibia. Wangu ulipakwa baada ya kuomba.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile niliyotajiwa kwa bamba la marumaru halisi la ukubwa huohuo, na katika ulinganisho huo usisahau uzito. Bamba la unene wa sentimita mbili kwa meza yangu lingekuwa na kilo zaidi ya 70, na miguu ya paini isingelibeba. Epoksi yote iliyomwagwa haikufika kilo sita. Ukilinganisha na stika za marumaru zinazouzwa Kariakoo kwa mita, bei ni kubwa mno, lakini stika huinuka pembeni baada ya miezi michache na maji huingia chini yake, kwa hiyo siziweki katika daraja moja. Ulinganisho wa haki ni na meza mpya ya paini yenye vanishi ya kawaida, ambayo ingenigharimu kiasi kinachokaribiana. Hapo uamuzi ni wa mtu na macho yake. Mimi nilitaka uso mweupe usiopitisha maji, nikaupata.

Faida moja ya epoksi ni kwamba inatengenezeka. Uso wote unaweza kukwaruzwa kwa msasa namba 220, kufutwa na kumwagiwa tabaka jipya, na alama ya kikaango, kivuli cha kifundo na vijishimo vya pembeni vikafunikwa kwa pamoja. Nimeshawaulizia, na wametaja bei inayokaribia theluthi moja ya ile ya mwanzo, pamoja na vanishi ya poliyurethani juu yake. Walitaka niilete Aprili. Nimewaambia nitaileta Julai, kwa kuwa katika unyevu wa masika kigumishi hutoa utando wenye mafuta juu ya uso, ambao usiposafishwa kwa maji kabla ya mkono unaofuata huzuia tabaka lisishikane, na nimeweka sharti la maandishi kwamba meza itakaa karakana wiki nzima baada ya kumwagwa.